Broadway waliandika, Ukambani tulicheza

Peter Cameron Scott alizaliwa Glasgow, akahamia Philadelphia, Marekani, pamoja na wazazi wake akiwa bado mdogo. Alikuwa na sauti nzuri, na mwalimu wake wa uimbaji, Mwitaliano, aliamini ingemfikisha mbali. Masimulizi ya misheni yanasema kwamba siku moja alikwenda kuomba nafasi katika kwaya ya jumba la opera. Alipofika kwenye ngazi za jumba alisita, akajiuliza sauti ile aitumie kwa utukufu wa nani, kisha akageuka akaenda zake. Desemba 1895 alikuwa Nzaui, mahali ambapo leo ni Kaunti ya Makueni, akifungua kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission. Hakukaa sana. Homa ilimuua Desemba 1896 akiwa na umri wa miaka 29.

Watu wa Makueni humtaja Scott kama mwanzilishi wa kanisa. Mimi huvutiwa zaidi na yule mwimbaji aliyegeuka pale ngazini. Majukwaa ya Marekani aliyoyapa kisogo yalikuja kutoa nyimbo zinazoimbwa duniani kote hadi sasa, na misheni aliyoianzisha ikatoa nyimbo za ibada za Kikamba zinazoimbwa kila Jumapili kutoka Mbooni hadi Mutomo. Sisemi Scott ndiye aliyewafundisha Wakamba kuimba, kwani Ukambani kulikuwa na nyimbo kabla ya mzungu yeyote kuuona mlima wa Nzaui. Ninachosema ni kwamba pande hizo mbili, jukwaa na kanisa, zilifanya jambo moja ambalo sisi katika muziki wetu wa dansi hatukulifanya. Ziliandika.

Ingia kanisa lolote la zamani upande wa Kilungu au Kibwezi, ukitazame kitabu cha nyimbo mkononi mwa mama aliyeketi mbele yako. Mara nyingi jalada limebanduka na kurudishwa kwa uzi. Kurasa za katikati zimekuwa laini kama kitambaa kwa kushikwashikwa. Ndani mna maneno na nambari tu. Lakini kiongozi akitaja nambari, kanisa zima husimama likaimba ubeti wa kwanza hadi wa mwisho bila kubabaika, wazee kwa watoto. Aliyetunga mahadhi hayo alikwisha kufa Uingereza au Marekani zaidi ya miaka 100 iliyopita, na aliyetafsiri maneno hakumbukwi na wengi, ila wimbo upo kwa sababu ulichapwa, ukagawiwa, na kila mtu akaruhusiwa kuuimba.

Sasa twende New York. Broadway ni barabara ya mji huo yenye majumba ya maonyesho, na jina lake limekuwa jina la aina nzima ya tamthilia: waigizaji huzungumza, na mazungumzo yakifika pahali pa uchungu au furaha, wanaimba. Onyesho laweza kudumu wiki mbili au miaka mitano. Siku likifungwa, mavazi huuzwa na mandhari ya mbao huvunjwa. Nyimbo, hata hivyo, zilikuwa zimekwisha kuchapwa kwenye karatasi, maneno pamoja na noti, na familia zenye piano sebuleni zilizinunua madukani kama zilivyonunua magazeti. Kwa hiyo kila wimbo ulikuwa na maisha ya pili nje ya jumba lake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Porgy and Bess, kazi ya George Gershwin iliyofunguliwa Broadway mwaka 1935. Ilionyeshwa mara 124 tu, waliotoa fedha zao wakapata hasara, na Gershwin akafariki mwaka 1937 bila kuona ikifanikiwa. Ukiupima kwa mauzo ya tiketi, mchezo ule ulianguka. Lakini ndani yake kulikuwa na wimbo mmoja wa mama anayembembeleza mtoto, "Summertime". Billie Holiday aliurekodi mwaka 1936, mchezo ukiwa bado unakumbukwa kwa hasara yake. Ella Fitzgerald na Louis Armstrong wakaurekodi mwaka 1957. Baada yao sijui nani ambaye hajaujaribu: wapiga tarumbeta, kwaya za shule, waimbaji wa roki. Kila mmoja aliuimba kivyake, polepole au haraka, kwa huzuni au kwa raha, na kila rekodi ilibeba jina la mtunzi.

Huyo Ella Fitzgerald ndiye ningetaka waimbaji wetu wa leo wamsome kwa makini. Kati ya mwaka 1956 na 1964 alitoa mfululizo wa albamu, kila moja ikiwa na nyimbo za mtunzi mmoja au jozi ya watunzi: Cole Porter, Rodgers na Hart, Duke Ellington, Irving Berlin, ndugu wawili Gershwin, Harold Arlen, Jerome Kern, Johnny Mercer. Jina la mtunzi liliwekwa juu ya jalada pamoja na jina lake. Nyingi kati ya nyimbo hizo zilitoka katika michezo ambayo watu walikuwa wameanza kuisahau. Mwimbaji mmoja mwenye sauti ya ajabu aliamua kwamba kuimba kazi za waliomtangulia ni heshima kwake, na kwa uamuzi huo akazipa nyimbo hizo nusu karne nyingine ya uhai.

Na wimbo ukishaandikwa haufungiki mahali pamoja, kama watu wengine wanavyohofu. Show Boat, mchezo wa Jerome Kern na Oscar Hammerstein, ulifunguliwa Desemba 1927, na ndani yake kuna "Ol' Man River", wimbo wa mpagazi mweusi mtoni Mississippi. Mwimbaji Paul Robeson aliuimba London mwaka 1928 na tena katika filamu ya mwaka 1936. Kadiri alivyozama katika harakati za haki za watu weusi ndivyo alivyobadilisha maneno yake, hadi mpagazi aliyechoka akawa mtu anayepigana. Robeson huyo ndiye aliyejifunza Kiswahili London miaka ya 1930, na katika filamu yake Sanders of the River ya mwaka 1935 alikuwamo mtu kutoka Kenya miongoni mwa waigizaji wa nyuma, Jomo Kenyatta. Maandishi yalimpa Robeson kitu cha kushikilia, naye akakigeuza kwa mahitaji ya wakati wake.

Turudi nyumbani. Ukambani haukukosa waimbaji. Kabla ya gitaa alikuwako ngui, mtunzi na kiongozi wa ngoma, aliyesifu, aliyesuta na aliyetoa habari za kijiji mbele ya watu waliojua kila jina alilolitaja. Walikuwako, na hadi leo wako Kitui, akina mama wa kilumi wanaoimba na kupiga ngoma kuombea mvua na kuponya. Vita vya Pili vya Dunia viliwachukua vijana wengi wa Kikamba hadi Burma ndani ya King's African Rifles, na jeshini wakakutana na gitaa, akodioni na gramafoni. Miaka ya 1950 likaja gitaa la vidole kutoka Katanga, la Jean Bosco Mwenda na Edouard Masengo, ambao wote wawili walifika Nairobi na kusikika redioni. Kisha miaka ya 1960 Waluo wakaizaa benga, na benga ilipovuka hadi Ukambani, vijana wetu waliipokea kwa mikono miwili na kuibadilisha.

Benga ya Kikamba unaitambua kabla mtu hajafungua kinywa. Kuna gitaa la ridhimu linalozungukazunguka juu, kwenye nyuzi nyembamba, lisilochoka na lisilopaza sauti, na chini yake besi inatembea. Mwimbaji akimaliza mstari, gitaa la solo linamjibu. Nusu ya kwanza ni ya hadithi: nani amemfanyia nani nini, na wapi. Kisha sauti za watu zinanyamaza na magitaa matatu yanaachiwa uwanja, mwendo unapanda, na hapo ndipo wachezaji wanapoinuka. Kwenye santuri ndogo za enzi hizo, zile zinazozunguka mara 45 kwa dakika, wimbo mmoja ulichukua pande zote mbili. Upande wa kwanza ulibeba hadithi. Ulipofika mwisho, mtu aliyekaa karibu na mashine aliinua mkono wa sindano, akaigeuza santuri, akapuliza vumbi, akaurudisha. Watu walibaki wamesimama katikati ya sebule wakimngoja. Kisha upande wa pili ukaanza na dansi.

Majina ya enzi hiyo yalikuwa makubwa. Kakai Kilonzo, akiwa na kundi lake la Les Kilimambogo Brothers, lililochukua jina la mlima ulio karibu na Thika, aliamua kuimba pia kwa Kiswahili, na uamuzi huo ukamtoa Ukambani na kumpeleka kila mahali palipokuwa na redio ya Sauti ya Kenya. Waluo walimjua, Waluhya walimjua, na watu wa pwani walidhani ni wao. "Mama Sofi" bado unapigwa kwenye vipindi vya zilizopendwa. Alifariki mwaka 1987, mapema mno kwa mtu wa kipaji chake. Peter Mwambi na Kyanganga Boys walipiga muziki mzito zaidi, ngoma ikigonga kila pigo bila kuruka, na gitaa likikimbia juu yake. Onesmus Musyoki na Joseph Mutaiti walikuwa nguzo za Kalambya Boys, na palikuwapo pia Super Kaiti, jina linalobeba Kaiti ya Makueni hadi kwenye lebo ya santuri.

Na kulikuwa na Kalambya Sisters. Gitaa la Musyoki lilikuwa laini na tamu, na juu yake wakaimba wanawake kwa sauti za juu, kama wasichana wanaotaniana kisimani. Wimbo wao "Katelina" ulivuma Kenya nzima miaka ya 1980. Unamhusu msichana apendaye uki, pombe yetu ya kienyeji, na ambaye kila akionja uki mwisho wake ni kupata mimba. Watu walicheka, wengine wakakasirika, wazazi wakawakataza mabinti kuuimba, na mabinti wakaendelea kuuimba. Nimeusikiliza mara nyingi na kila mara naona jambo lile lile: Katelina ni mhusika kamili. Ana jina, ana udhaifu, ana hatima, na ana watu wanaomzunguka wakimtazama. Waandishi wa Broadway walilipwa vizuri kuwatunga watu wa namna hiyo.

Kwenye rafu hiyo hiyo ya santuri, katika nyumba za walimu na makarani wa Kitui na Wote, ungemkuta pia Jim Reeves. Sauti yake ya taratibu ilikuwa ya Krismasi na ya jioni ya Jumapili, na mapenzi ya Wakenya kwake hayajafifia tangu afe kwa ajali ya ndege mwaka 1964. Sina kinyongo na Jim Reeves. Lakini linganisha. Leo ukitaka kujua wimbo wake fulani uliandikwa na nani, ulirekodiwa mwaka gani na maneno yake ni yapi, jibu utalipata kabla chai haijapoa. Ukitaka kujua hayo hayo kuhusu wimbo wa bendi ya Ukambani uliorekodiwa miaka kumi na zaidi baada ya kifo chake, itabidi ufunge safari ukamtafute mzee mmoja, na uombe awe hai na awe na kumbukumbu.

Pale Wote, kama ilivyo Mwingi na Kitui mjini, viko vibanda vya kuuza nyimbo. Unampa kijana flashi yako, unamwambia unataka za zamani za Kikamba, naye anakujazia nyimbo mia au mia mbili kwa bei ya sahani ya muthokoi. Nimezifungua flashi za namna hiyo kwenye kompyuta. Faili moja linaitwa "Kamba Old 14". Jingine lina jina la bendi ambayo hata haikuupiga wimbo huo. Jingine halina jina kabisa, lina tarehe tu ya siku liliponakiliwa. Kuna nyimbo zinazokatika ghafla baada ya dakika tatu, pale mwimbaji anapomalizia hadithi yake, na kwa muda sikuelewa kwa nini. Sababu ni kwamba aliyezihamisha kutoka kwenye santuri alihamisha upande mmoja tu. Upande wa pili, ule wa magitaa, ule ambao watu walisimama sebuleni wakiungoja, umeachwa.

Wa kulaumiwa si kijana wa kibanda. Amepewa alichopewa, naye walau anazisambaza. Waswahili walisema mali bila daftari huisha bila habari, na ndivyo ilivyotukuta. Watayarishaji wa River Road, Nairobi, walirekodi bendi asubuhi, wakalipa mara moja, wakachapa santuri, wakauza. Mtunzi aliondoka na fedha za nauli na ada ya shule. Maneno hayakuandikwa popote, kwa kuwa mtunzi alikuwa nayo kichwani. Majina ya wapiga gitaa hayakuwekwa kwenye lebo. Kanda za studioni zilipofutwa ili zitumike tena, au zilipoharibika, hapakuwa na nakala. Halafu kaseti ikaja, bandia za kaseti zikaja, na santuri zikaenda darini.

Kuna jambo jingine ambalo husemwa kwa nadra. Ngui wa zamani hakuhitaji karatasi kwa sababu wimbo wake ulichukuliwa na wengine. Ngoma ikichezwa kijiji cha pili, ngui wa huko aliuimba kwa maneno yake. Santuri iliuvunja utaratibu huo. Wimbo ukawa wa sauti moja, ya mtu mmoja, siku moja studioni, na sisi tukazoea kuamini kwamba "Katelina" bila wale wanawake wawili watatu si "Katelina". Bendi zinazopiga vilabuni leo hupitia vipande vya nyimbo za zamani zikiwa zimeunganishwa, dakika moja huku, dakika moja kule, bila kumtaja mtunzi. Ken wa Maria, Katombi, Maima na wenzao wamejaza viwanja kwa tungo zao wenyewe, na ni haki yao. Ila sijaona hata mmoja wao akitoa albamu nzima yenye jina la Kakai Kilonzo au la Peter Mwambi juu ya jalada, kama Ella alivyofanya kwa Cole Porter. Natamani kuiona albamu hiyo. Ningeinunua siku ya kwanza.

Majirani zetu wanatuonyesha njia zote mbili, ya hasara na ya faida. Fadhili William wa Taita ndiye aliyeirekodi "Malaika" ikavuma mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba akaiimba, Harry Belafonte akaiimba, Boney M wakaiimba, Angélique Kidjo akaiimba. Hakuna wimbo wa Afrika Mashariki ulioimbwa upya na watu wengi wa hadhi hiyo. Lakini mtunzi wake amegombaniwa hadi leo, kwa kuwa Adam Salim naye alisema aliutunga katika miaka ya 1940, na hakukuwa na karatasi ya siku zile ya kuumaliza ubishi. Fadhili William alifariki mwaka 2001 akiwa hajauona utajiri ambao wimbo ule ungempa mtu wa Broadway.

Faida iko upande wa Mto Tana, unaopakana na Kitui. Mwaka 1963 tume ya watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilipewa kazi ya kuandaa wimbo wa taifa. Walichukua mahadhi ya wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, waliyopewa na Mzee Meza Galana, wakayaandika kwa noti, wakayapangia sauti, wakatunga maneno. Wimbo wa kulaza mtoto ukawa wimbo wa kuamsha taifa, na kila mwanafunzi wa Kenya anaujua. Kama watu wale wasingeketi na kalamu, wimbo ule ungebaki kwa akina bibi wa mtoni, na pengine leo ungekuwa umekwenda nao.

Uwezo wa kufanya kazi kama hiyo Kitui na Makueni upo tayari, na unafanya kazi kila mwaka. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, mwaka ule ule wa Show Boat. Shule zetu hupeleka huko nyimbo na ngoma za Kikamba zilizopangwa kwa sauti nne, na walimu wa kwaya wanajua kuandika solfa kuliko wanavyojua kuandika barua ya maombi ya kazi. Mwalimu wa namna hiyo akikaa na santuri ya "Mama Sofi" mwishoni mwa wiki, kufikia Jumapili jioni atakuwa ameweka mahadhi na maneno yake kwenye karatasi mbili. Tumeacha tu kumwomba. Tumeyaona magitaa kama kitu cha baa, tukaona yasiingie darasani.

Najua solfa haitaibeba benga yote. Haiwezi kueleza jinsi ridhimu ya Musyoki inavyochelewa kwa nukta moja na kukufanya uinamishe kichwa. Hata karatasi za Gershwin hazikubeba tarumbeta ya Armstrong. Mambo hayo hupitishwa kwa kukaa na mpigaji, kidole kwa kidole, na wapo wapigaji wa enzi ile ambao bado wana vidole vyao. Karatasi hubeba mahadhi, maneno na jina. Hayo matatu yakiwapo, mengine hupata pa kuanzia.

Na kwa nini tuishie kwenye kwaya? Mwaka 1999 mchezo wa Mamma Mia! ulifunguliwa London, hadithi mpya kabisa iliyosukwa kwa nyimbo za zamani za ABBA, na mwaka 2001 ukafika Broadway. Nyimbo zetu zinaomba kutendewa hivyo. Ndani ya rafu moja ya santuri za Ukambani kuna mkwe anayedaiwa mahari, kuna kijana aliyekwenda Mombasa akasahau barua, kuna mke anayemngoja mtu wa Nairobi, na kuna Katelina na kibuyu chake. Wapange kwenye stesheni ya treni ya Kibwezi au Makindu, wape bendi ya watu wanne nyuma ya jukwaa, na tayari una mchezo wa saa mbili. Tamasha za maigizo za shule na vyuo zina walimu waandishi wanaotafuta hadithi kila Januari.

Lakini mtu atakayeandaa mchezo huo lazima ajue anamlipa nani, na hapa saa inatukimbia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaulinda utungo wa muziki maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Rekodi yenyewe, yaani ile sauti iliyonaswa studioni, inalindwa miaka 50 tu tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kwa hiyo santuri ya mwaka 1975 ulinzi wake unakoma mwisho wa 2025, ya 1976 mwaka unaofuata, na hivyo hivyo, mwaka baada ya mwaka, hadi enzi nzima itoke. Baada ya hapo mtu yeyote popote anaweza kuichapa upya na kuiuza bila kudaiwa kitu kwa rekodi ile. Wanunuzi wapo: kampuni ya Soundway ya London ilitoa mkusanyiko wa Kenya Special mwaka 2013, wenye rekodi za Afrika Mashariki za miaka ya 1970 na 1980. Kitakachobaki kwa familia ni haki ya utungo, na haki hiyo haidaiki kama hakuna anayeweza kuthibitisha nani alitunga. Mwenye kudai kwa sikio tu hushindwa na mwenye karatasi, hata kama karatasi ya huyo wa pili ni ya uongo.

Tabu Osusa na wenzake wa Ketebul Music wamefanya kazi ya kupigiwa mfano. Mwaka 2008 walitoa Retracing the Benga Rhythm, na mwaka 2017 kitabu cha Shades of Benga. Hizo ni kazi za nchi nzima, zilizofanywa kutoka Nairobi na watu wachache. Kitui na Makueni zina wajibu wao kisheria. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, maktaba na makavazi. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inaitaka kila serikali ya kaunti iwe na rejista yake, na humo ndimo nyimbo za kilumi na za ngui zinapopaswa kuingizwa. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, Kitui, na kina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti. Vituo vya redio vya Kikamba, tangu Musyi FM ilipoanza mwaka 2005, vimejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya muziki huu. Mtangazaji anayepiga wimbo wa zamani akamtaja mtunzi na mwaka, kila mara, anafundisha watu wengi kuliko kitabu.

Wawakilishi wadi wa kaunti zote mbili, mnapopitisha bajeti ya utamaduni, tengeni fungu la kuandika nyimbo mia moja: maneno, solfa, jina la mtunzi, majina ya wapigaji, mwaka. Na wewe msomaji, kama nyumbani kuna santuri darini, usiipeleke popote kwanza. Ifute vumbi, piga picha ya lebo zote mbili, kisha kaa na mzee wa nyumba umwulize nani alipiga gitaa hilo, uandike anachosema pamoja na tarehe. Ukiihamisha, hamisha pande zote mbili. Tungo za Kakai Kilonzo zinalindwa hadi tarehe 31 Desemba 2037.